Visheti na Kadi za Idi kwa Mikono ya Watoto

Siku mbili tatu kabla ya Ramadhani kwisha, mimi huwaita wanangu jikoni baada ya sala ya alasiri ili tuanze visheti, kwa kuwa sijaona kitafunio cha Idi kinachowapa watoto kazi nyingi kama hicho. Vikombe 2 vya unga wa ngano huchanganywa na vijiko 3 vya samli ya moto, chumvi kidogo na iliki iliyotwangwa, kisha hukandwa kwa tui la nazi hadi donge liwe gumu kiasi.

Hapo ndipo watoto wanaposhika usukani: kila mmoja hukata kidonge kama ncha ya kidole, akakikandamiza juu ya meno ya uma na kukiviringisha, kikatoka na mistari kama kombe la pwani. Vingine hupinda, nami sivirekebishi.

Kukaanga ni kazi yangu peke yangu, na shira pia. Kikombe 1 cha sukari na nusu kikombe cha maji huchemshwa hadi shira ivute uzi, kisha visheti humiminwa ndani na kupinduliwapinduliwa mpaka sukari igande na kuwa nyeupe.

Vikipoa, wadogo hukata kadi kutoka maboksi ya biskuti na kubandika mwezi mwandamo wa karatasi ya kung'aa kwa uji wa ngano, ambao naupendelea kuliko gundi ya dukani kwa sababu kitinda mimba wangu bado hulamba vidole. Kila kadi husindikiza sahani ya jirani asubuhi ya Idi.