Ninavyoulinda moyo wa mwanangu mwenye projeria

Watu wakimuona mwanangu hapa Chake Chake, macho huwaenda kichwani kwake kwanza. Hana nywele, hana nyusi, na mishipa imemchomoza utosini. Ana miaka 8, lakini kimo chake ni cha mtoto wa miaka 3 au 4. Wapo waliosema karogwa, na wapo wanaomwita "kizee" mbele yangu. Mimi nashughulika na kile wasichokiona: moyo wake.

Alizaliwa hana kasoro. Kabla hajatimiza mwaka uzito uligoma kupanda, ngozi ya tumbo na mapaja ikakakamaa, nywele zikapukutika. Kituo kimoja cha afya walituambia ni utapiamlo, tumpe uji wa lishe, na uji huo alikuwa akiunywa kila siku. Daktari wa watoto Unguja ndiye aliyeshuku, damu ikapelekwa nje ya nchi kupimwa jeni. Majibu yalirudi: projeria ya Hutchinson-Gilford, ugonjwa unaouzeesha mwili wa mtoto mapema. Jeni ya LMNA imebadilika mahali pamoja tu, na kwa ajili hiyo mwili unatengeneza protini mbovu, projerini, inayoharibu viini vya seli. Humpata takriban mtoto 1 kati ya milioni 4 wanaozaliwa, na kwa kawaida hairithiwi, huzuka upya. Hilo nililirudia mbele ya mama mkwe na mawifi mpaka likaeleweka, maana lawama zilishaelekezwa kwetu.

Akili yake haina tatizo, kwa hesabu anawashinda kaka zake. Mishipa ya damu ndiyo inayozeeka. Hukakamaa na kuziba mapema, na bila dawa watoto hawa kwa wastani hufariki wakiwa na miaka 14 na nusu, wengi kwa shambulio la moyo au kiharusi. Kwa hiyo kila baada ya muda tunapanda boti Mkoani kwenda Unguja, anapimwa presha, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Anameza aspirini kidogo kila siku, kwa kipimo alichopanga daktari kwa uzito wake. Asije mzazi akampa mwanawe aspirini kwa kusikia kwangu.

Kazi kubwa ni maji. Akipungukiwa maji mwilini, hatari ya kiharusi inaongezeka, na joto la kaskazi mwalijua. Nampa maji au dafu kidogo kidogo mchana kutwa, na chakula mara nyingi kwa vipande vidogo: parachichi, samaki wa tui, ndizi za kuponda, kwani taya ni dogo na meno yamesongamana.

Mwaka jana Ramadhani ilitupa mtihani. Alificha kikombe chini ya kitanda, maji hajayagusa, midomo imemkauka.

"Mama, wenzangu wote wafunga."

Nilimwita ustadhi wake wa chuoni. Alikaa naye mkekani, akamsomea aya inayomruhusu mgonjwa asifunge, kisha akamwambia, "Mwanangu, kunywa maji kwako ni kumtii Mola." Akanywa palepale, na kila magharibi akawa yeye ndiye anayewagawia tende waliofunga. Mungu amlipe ustadhi yule, maneno yangu mimi yalikuwa hayamtoshi.

Dawa mahsusi ipo, lonafarnib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Haiponyeshi, ila huongeza umri. Sisi bado hatujaipata, na daktari wetu anaendelea kuifuatilia.

Skuli anakwenda. Mwalimu wake nimempa karatasi yenye namba yangu na ya baba yake, na dalili za kuangalia: kichwa kuuma ghafla, mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, kifua kubana. Akiona mojawapo asinisubiri mimi, atafute gari wakimbilie hospitali, na mimi nitawakuta huko.