Kipande cha mpira cha Munigi

Sauti niliisikia kabla sijahisi kitu. Ilikuwa kama mtu amechana shuka jipya kwa mkupuo mmoja, kisha pumzi ndefu, fyuuu, na vumbi jeusi likaruka karibu na kisigino changu. Nikashuka. Gurudumu la nyuma la baisikeli yangu lilikuwa limekalia rimu, na ubavuni mwa tairi kulikuwa na mpasuko wenye urefu wa kucha ya dole gumba.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Agosti 2019, kiangazi kimekolea. Nilikuwa nateremka kutoka kwa mama mkubwa, upande wa juu wa Munigi, nje kidogo ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, nilikompelekea dawa zake za presha, na badala ya kufuata barabara kubwa nilikata kwenye kinjia kinachopita juu ya mawe ya volkano. Mawe hayo nayajua tangu utotoni. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipopasuka, lava ilitokea kwenye nyufa za ubavu wake wa kusini, ikaingia mjini, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya Goma mpaka ziwani. Nyumba tuliyokuwa tunaishi Majengo iko chini yake hadi leo. Lava ikipoa inabaki na vitundu vingi kama mkate uliochacha, na ukingo wa kila kitundu ni wembe. Barabarani magari yameiponda miaka na miaka, imekuwa changarawe. Kwenye vinjia ambako hupita miguu tu, makali yake hayajaguswa.

Kwa hiyo sikuweza kusema jiwe limenionea. Jiwe lilikuwa pale pale siku zote, na nilikuwa nimepita juu yake tangu Aprili bila hata pancha moja.

Aprili ndipo binamu yangu anayefanya kazi Kigali aliponiletea jozi ya matairi ya baisikeli za changarawe, upana milimita 40, meno madogo katikati na makubwa kidogo pembeni. Ni matairi yasiyohitaji mpira wa ndani: hewa inakaa kati ya tairi na rimu yenyewe, na ndani yake unamimina dawa nyeupe ya utomvu wa mpira ambayo hukimbilia tundu na kuliziba kabla hujajua limetobolewa. Rimu zangu zilikuwa za aina inayoyakubali. Nikayapeleka Birere kwa fundi wangu, mzee ambaye sisi sote tunamwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa heshima, ingawa umri wake ni wa baba zetu.

Hakuwa amewahi kufunga matairi ya namna hiyo, lakini alikuwa ametengeneza piki-piki zaidi ya miaka ishirini, na tairi ni tairi. Aliisugua rimu kwa pamba na spiriti mpaka ikalia chini ya kidole. Akaivuta plasta kwa nguvu kuizungusha rimu nzima, akafunika matundu yote ya spoki, akapitiliza tundu la vali kwa kiasi cha kiganja kimoja, kisha akatoboa hapo kwa msumari uliopashwa moto ili plasta isichanike. Akatafuta mshale ubavuni mwa tairi unaoonyesha upande wa kuzungukia. Mimi nisingeuona.

Kazi ngumu ilikuwa kulifanya tairi likae. Kwa pampu ya mkono hewa ilitoka upesi kuliko ilivyoingia. Yaya akapaka maji ya sabuni kwenye kingo zote mbili, akafungua moyo wa vali ili njia ya hewa iwe pana, akaleta mdomo wa kompresa anayojazia piki-piki. Tairi likavimba, likatulia kidogo, kisha pa! Na upande wa pili, pa! Kingo zimeingia kwenye mifereji yake. Kijana wake wa kazi alirudi nyuma hatua mbili; yaya hakupepesa jicho. Akatoa hewa, akachukua bomba la sindano, akasukuma mililita 60 za ile dawa kupitia vali. Harufu yake ya amonia ilinichoma pua. Akajaza tena, akalizungusha gurudumu, akalilaza upande huu, akalilaza upande ule, dawa ipake kila mahali.

“Haya maziwa yanaganda,” aliniambia. “Hata usipotoboka, yanaganda tu. Miezi miwili, urudi nione.”

Nikamjibu ndiyo, yaya. Sikurudi Juni. Julai Ebola iliingia Goma, kila mlango ukawa na ndoo ya maji ya klorini, shuleni kwetu tukawa na kazi ya kuwapanga watoto mstari wa kunawa asubuhi na mchana, na miezi miwili ikawa minne. Lakini nitasema ukweli wote: sikurudi kwa sababu matairi yalikuwa yananipendeza. Kitu kikikwenda vizuri hukiulizi habari.

Na tairi la nyuma lilikuwa limenieleza wiki nzima. Kila asubuhi nilikuta limelegea kidogo. Nilipiga pampu mara ishirini, nikaenda kazini, kesho yake vile vile. Dawa ikiwa mbichi, tundu la msumari mdogo halidumu hata dakika. Tairi likipoteza hewa kila usiku, maana yake mle ndani hakuna tena kinachotembea. Nilikuwa na akili ya kutosha kulijua hilo, nikaamua kupiga pampu.

Siku ya Munigi nilikuwa nimeondoka bila hata hiyo pampu ya asubuhi. Tairi laini hutanuka pembeni likibanwa na uzito, ubavu unatoka nje ya meno, na ubavu ni ngozi nyembamba. Pale ambapo meno yangepanda juu ya jiwe, ubavu ndio uliolikumbatia.

Nililisukuma baisikeli hadi barabara kubwa ya Rutshuru, nikalipindua, nikatoa vitu vyangu kwenye begi: mpira mmoja wa ndani, pampu ndogo, vijiko viwili vya kutolea tairi. Nilikuwa na mpira mzima, lakini nilijua ukipata hewa utachungulia kwenye ule mpasuko kama ulimi, na kwenye jiwe la kwanza utapasuka. Nikachukua noti ya faranga 500, nikaikunja mara nne niiweke kama kiraka cha ndani.

“Mwana, hiyo makuta itaoza.”

Mtu wa chukudu alikuwa amesimama nyuma yangu. Chukudu lake lilikuwa na magunia ya kabichi na viazi kutoka Kibumba, yamepangwa mpaka kifuani, na alikuwa amelizuia kwa jiwe chini ya gurudumu. Asiyelijua chukudu alifikirie hivi: ni pikipiki ya miti mitupu, usukani wa mti, magurudumu ya mti, na kwenye magurudumu hayo wanapigilia kanda za tairi kuukuu ili mti usiliwe na barabara. Mwenye nalo husukuma kwenye mlima, na kwenye mteremko hupiga goti juu yake akashuka na mzigo wa magunia. Kwa hiyo huyu alikuwa mtu wa matairi kuliko mimi.

“Papa, pine imechanika ubavuni,” nikamwambia.

“Leta nione.”

Hakuangalia mpasuko. Kwanza aliingiza mkono ndani ya tairi, akaupitisha polepole kuzunguka lote, macho yakiwa barabarani. Akasimama mahali, akarudi nyuma kidogo, akang’oa kitu kwa kucha: kipande cha waya, kifupi kama punje ya mchele. Akanipa. Hilo ndilo lililokuwa linaninyonya hewa wiki nzima. Kama ningeweka mpira mpya bila kulitafuta, lingeutoboa kabla sijafika Majengo. Kisha akatoa mkono na kunionyesha vidole. Vilikuwa vikavu. Utando wa dawa ulikuwa umeshikana ndani ya tairi kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na alipoubandua ulitoka kipande kizima.

Vali ya rimu ilikuwa imekazwa, vidole vyangu vinateleza. Alifungua ukanda wa mpira aliofungia magunia, akauzungusha kwenye nati mara mbili, akaminya, ikalegea. Halafu akachomoa panga lake dogo na kipande cha tairi ya baisikeli alichokuwa nacho kwa ajili ya gurudumu lake mwenyewe. Akakata kipande cha vidole vitatu. Nilifikiri kimekwisha, lakini akakaa chini, akakiweka juu ya goti na kuanza kuziparua kingo zake kwa ncha ya panga, taratibu, mpaka zikawa nyembamba kama karatasi pande zote nne. Unene ulibaki katikati tu.

“Ukingo ukiwa mnene utakula mpira wa ndani,” alisema. “Lazima usijue kipande kinaanzia wapi.”

Akanipitishia kidole changu juu yake. Kweli sikujua kinaanzia wapi.

Tukakiweka dhidi ya mpasuko. Nikatia pumzi mbili tatu kwenye mpira ili usijisokote, nikauingiza, nikaanza kurudisha ukingo wa tairi upande ulio mkabala na vali, nikamalizia kwenye vali. Sehemu ya mwisho iligoma. Nilipochukua kijiko alinishika mkono: chuma hubana mpira hapo hapo. Akanionyesha kuusukuma ukingo wa upande wa pili ushuke katikati ya rimu, kwenye kina, ili upande wangu upate ulegevu, kisha kuubingirisha kwa viganja. Ukaingia. Tulizunguka gurudumu zima tukiminya tairi kando na kuchungulia, kuhakikisha hakuna mpira uliobanwa. Ndipo nikajaza hewa, zaidi ya niliyozoea, maana tairi lenye mpira wa ndani likiwa laini hubanwa kati ya jiwe na rimu na kupata pancha ya matundu mawili.

Nilitaka kumpa ile noti ya 500 na nyingine. Alikataa zote, akasema nimlipie mwingine njiani. Mikono yetu ilikuwa imeshika tairi moja karibu saa nzima, lakini mwaka ule hatukuwa tunapeana mikono Goma, kwa hiyo tuligusanisha viwiko. Akapiga goti juu ya chukudu lake, akaondoa jiwe, na kabichi zikaondoka kuelekea mjini. Nilimfuata nyuma kwa mbali mpaka uwanja wa ndege, nikisikiliza tairi langu. Halikutoa sauti yoyote.

Jumatatu nilikuwa Birere. Nilinawa kwenye ndoo, nikamweleza yaya kila kitu, pamoja na wiki ya pampu. Hakunigombeza. Alifungua tairi la nyuma, akatoa kipande, akakigeuza kwenye mwanga na kupitisha dole gumba ukingoni mara kadhaa.

“Nani alikata hii?”

“Mtu wa chukudu, pale Munigi.”

“Anajua kazi,” akasema, na hakukitupa. Alisugua sehemu ile kwa msasa, akapaka solusheni, akasubiri ikauke mpaka isinate, akakibandika pale pale kilipokuwa. Tairi la nyuma tuliliacha na mpira wake wa ndani, kwa sababu ubavu uliochanika hauaminiki tena bila mpira. La mbele tulilifungua: kavu nalo. Tukabandua ngozi yote, tukatia mililita 60 nyingine.

Kisha akakata plasta nyeupe, akaigandisha kwenye fremu chini ya kiti, akaandika kwa kalamu nzito: 19/10. Akanisubiri niisome kwa sauti.

Tarehe 19 Oktoba niliamkia kwake, hajafungua bado.