Minyoo ya tomson

Lubumbashi samaki wa bahari anafika akiwa jiwe. Sisi tunamwita tomson. Kwenye katoni wameandika chinchard. Anavuliwa katika maji baridi ya Namibia, anagandishwa mzima humo humo melini, matumbo na yote, halafu anapanda lori Walvis Bay, anapita Katima Mulilo, anaikata Zambia na kuingia kwetu Kongo kwa mlango wa Kasumbalesa. Ni zaidi ya kilometa 2,000 za barabara. Hilo la matumbo msilisahau, maana ndilo lililotuletea vita lupangoni, yaani uani kwetu.

Mama mdogo alikuwa na meza yake ya samaki katika soko la Kenya (siyo nchi, ni komine yetu, sehemu ya mji). Mimi nilikuwa nasomea udaktari wa mifugo pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nalala kwake, na siku za soko nilimsaidia kupigisha katoni chini ili samaki waachane. Majirani walikuwa wamekwisha kunibandika jina: munganga ya bangombe, mganga wa ng'ombe.

Ilikuwa mwezi wa kumi, 2011, lile joto linalokuja kabla ya mvua, watu wanalala nje kwenye mikeka. Umeme ulikuwa wa kubahatisha. Jioni moja tukiwa tunasonga bukari tukasikia sauti ya Mama Ilunga, jirani wetu, kabla hata hajafika langoni.

"Batoto yangu banavimba uso! Banakuwa bekundu, kichwa inabauma, baba yao pia! Njo samaki yako ile!"

Akatua beseni katikati ya ua. Ndani mlikuwa na tomson wawili waliobaki, mmoja amepasuliwa tumbo. Akamfungua kwa vidole viwili. "Muone. Muangalie muzuri. Minyoo!"

Na kweli ilikuwapo. Juu ya ini ilikuwa imelala midogo myeupe, kila mmoja umejiviringisha bapa, mithili ya dawa ya mbu ile ya kuchoma, ila yote ingekaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Ua ulijaa watu mara moja. Mmoja akasema samaki hawa walikuwa wameoza toka huko kwao. Mwingine akasema wanalishwa takataka. Mama mdogo, ambaye hakuzoea kushindwa kwa maneno, akajibu: "Miye njo naweka minyoo mu tumbo ya samaki?" Watu wakacheka, Mama Ilunga hakucheka. Alidai pesa yake, na akasema kesho soko zima litajua.

Kesho yake asubuhi watoto wake walikuwa wanacheza mpira kama kawaida. Lakini maneno yalikuwa yametangulia sokoni. Mezani kwa mama mdogo watu walipita wakiinamisha shingo kuchungulia samaki, kisha wanaenda meza ya pili, ambako walinunua tomson kutoka chumba cha baridi kile kile.

Nikawafunga wale samaki wawili kwenye plastiki yenye barafu nikawapeleka kwa mwalimu wetu wa vimelea. Alikuwa mzee mpole, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka umalize. Aliwalaza kwenye sahani ya chuma, akapasua kutoka tundu la nyuma hadi kwenye mashavu, akaanza kuchomoa mnyoo mmoja mmoja kwa kibano. Kila mmoja ulikuwa ndani ya kifuko chembamba. Alipokichana na kuweka mnyoo kwenye maji, ulinyooka polepole kufika sentimita mbili hivi, ukabaki umelegea. Aliugusa. Haukutikisika.

"Anisaki," akasema. "Na amekufa zamani."

Ndipo nikapata somo ambalo darasani lilikuwa limepita kwa mistari mitatu. Huyu tuliyemwona ni mtoto tu. Wazazi wake wanaishi tumboni mwa nyangumi na pomboo. Mayai yanatoka na kinyesi na kutawanyika baharini. Wanaoanguliwa wanamezwa na viumbe wadogo jamii ya uduvi, uduvi wanaliwa na samaki au ngisi, na humo mnyoo unajikunja na kungoja, hata kama samaki huyo ataliwa na mkubwa zaidi, mpaka siku nyangumi au pomboo atakapommeza. Samaki wa bahari kuu asiye na kitu tumboni, mwalimu alisema, ndiye angemshangaza. Hata samaki wetu wa ziwa Moero wana ndugu zake, ila wale wa ziwani wanangoja kuliwa na ndege, akina mnandi na mwari.

Binadamu anaingia katika habari hii kwa bahati mbaya, akila samaki mbichi au asiyeiva. Mwaka 1960 watafiti wa Uholanzi, van Thiel na wenzake, walieleza wagonjwa waliokula heringi iliyotiwa chumvi kidogo tu, mnyoo ukajipenyeza kwenye ukuta wa utumbo. Siku hizi Ulaya samaki wa kuliwa mbichi lazima agande nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 kwanza. Na nani Lubumbashi anakula tomson mbichi? Sisi tunamkaanga mpaka mkia unavunjika.

Akachana minofu vipande vyembamba, akaviangalia mbele ya taa. Hapakuwa na kitu. Mnyoo huhamia kwenye nyama hasa samaki akikaa muda bila kutolewa matumbo; hawa waligandishwa mapema.

Nikaona mama mdogo ameshinda kesi. Mwalimu akaniuliza: "Waliougua ni wangapi?"

Wote waliokula, nikamwambia. Baba na watoto watatu. Mama alikuwa hajala bado.

"Baada ya muda gani?"

Hata saa moja haikwisha.

Alivua miwani. Minyoo hii hata ikifa inaweza kumwasha mtu mwenye mzio nayo, akasema, lakini mzio huchagua. Haukamati sahani nzima. Samaki wa aina hii wana histidini nyingi katika nyama, kijenzi kimojawapo cha protini. Wakiyeyuka na kukaa kwenye joto, bakteria wanaigeuza kuwa histamini: uso mwekundu, kichwa, kuwashwa, halafu yanapita yenyewe. Ukiwagandisha upya, histamini inabaki. Ukiwakaanga, inabaki. Kipimo cha kuithibitisha hatukuwa nacho, kwa hiyo aliishia kwenye "nadhani". Miye sikuhitaji zaidi, kwa sababu nilizikumbuka zile katoni. Samaki wa chini walikuwa wamebanwa wakapinda, na kwenye kona palikuwa na barafu nyekundu, damu iliyotiririka ikaganda tena.

Nilipomweleza mama mdogo, hakutaka kusikia habari za nyangumi. Barafu nyekundu aliielewa mara moja. Alimrudishia Mama Ilunga pesa bila neno, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, kisha tukapakia katoni mbili zilizobaki kwenye toroli mpaka chumba cha baridi.

Msimamizi alitupokea vizuri, hata viti akatupa. Habari ya minyoo ilikuwa imemfikia, na alikuwa na majibu tayari: ni ya asili, iko baharini pote, imekufa, mwambieni mteja apike vizuri. Yote yalikuwa kweli. Mama mdogo akafungua katoni, akamwonyesha ile kona.

"Siku ngapi umeme ilikosa huku?"

Akasema tena kwamba minyoo ni ya asili.