Kodi ya Python iliyogoma ikitoka kwenye Word

Jamani, nimehangaika siku tatu. Kodi yangu, yaani maagizo ya kompyuta niliyoandika kwa lugha ya Python, inakubali kwenye laptopu yangu, ila mwalimu akiikopi kutoka kwenye asaimenti ya Word inagoma, Python inalalamikia U+201C, namba ya alama fulani ya maandishi. Nikabadili fonti kuwa Courier New, wapi! Nikaichapa upya steshenari moja hapa Moshi mjini, yale yale.

Jana nikakuza ukurasa hadi asilimia 300. Kumbe alama za kunukuu zimepinda, na U+201C ni mojawapo! Word huzipinda yenyewe unapochapa. Python inataka zilizonyooka.

Kwanza nilizima upindaji huo kwenye mipangilio ya AutoCorrect, sehemu ya Word inayorekebisha maandishi yenyewe. Lakini zilizokwisha kupinda hazinyooki zenyewe: nikabonyeza Ctrl+H kufungua dirisha la kutafuta na kubadilisha, nikaweka " kwenye kisanduku cha juu na " ileile cha chini, nikabadilisha zote. Nikarudia kwa '. Asubuhi mwalimu kaikopi, imekubali.