Neno "kubadilishana" na asili zake mbili

Kila mazungumzo ya asili ya maneno yanapozuka hapa Unguja, neno "kubadilishana" hupewa jibu la haraka kwamba ni la Kiarabu, na mjadala hufungwa hapo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limeiacha nusu ya neno nje, na kwa maoni yangu nusu iliyoachwa ndiyo iliyobeba maana ya watu wawili kupeana.

Nianze na nusu inayojulikana. Katika Kiarabu kuna mzizi wa herufi tatu, ba, dal na lam, ambao maana yake ya msingi ni kitu kimoja kukaa pahala pa kingine. Kutokana na mzizi huo tumepata "badala" na "badili", kisha kwa viambishi vyetu wenyewe tukapata "mbadala", "badilika" na "mabadiliko". Kitenzi chenyewe kwa Waarabu ni "baddala", na katika wakati uliopo husemwa "yubaddilu". Sisi tumeshika sauti ya umbo hili la pili, ndiyo maana irabu ya katikati ni "i", kama ilivyokuwa kwa "safiri" kutokana na "yusafiru". Dal yao iliyokazwa tumeilegeza, kwa kuwa si ada ya Kiswahili kukaza herufi kwa namna hiyo, na mwishoni tumeongeza irabu ili neno lisikatike ghafla.

Sasa tukilitazama "badili" kwa makini, tutaona kwamba halidai watu wawili. Mtu hubadili nguo peke yake chumbani, hubadili njia, hubadili nia. Mwaka 1936, Zanzibar ilipoacha rupia yake na kuingia katika shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja ikihesabiwa kwa shilingi moja na senti 50, kilichofanyika kilikuwa ni kubadili: fedha moja iliondoka na nyingine ikashika nafasi yake. Hata leo, anayekwenda na dola katika maduka ya fedha ya Mji Mkongwe husema "nakwenda kubadilisha pesa", wala hasemi "kubadilishana", ingawa nyuma ya dirisha yupo mtu anayepokea na kutoa. Mawazo ya msemaji yako kwenye pesa inayogeuka, na yule mtu wa dirishani hakuhesabiwa.

Anahesabiwa pale tunapotia "-ana". Kiambishi hiki ni cha Kibantu, kimeenea katika lugha nyingi za jamii hiyo, na ndicho kinachofanya kazi katika "pendana", "gombana", "juana" na "saidiana". Mara kinapoingia, tendo halikamiliki kwa mtu mmoja. Siwezi kusema "nimebadilishana" nikanyamaza. Msikilizaji atangoja nimtaje mwenzangu.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba Kiarabu nacho kina njia yake ya kusema hivyo hivyo kutokana na mzizi ule ule. Huweka "ta" mbele ya neno na kuivuta irabu ya kati, likapatikana "tabadala", na jina lake "tabadul". Tungeweza kulichukua neno hilo zima, maana maneno ya mtindo huo hayakutushinda: "tofauti" yetu imetokana na "tafawut", ambalo limejengwa kwa kanuni ile ile ya "tabadul". Hata hivyo, neno la kila siku la sokoni na mtaani halikuja kwa njia hiyo. Wasemaji wa Kiswahili walichukua mzizi uliozungumzia kitu kukaa pahala pa kingine, wakautia "-ana" yao, na kubadili kukawa ni jambo la baina ya watu. Anayesema neno hili ni la Kiarabu tu anawanyima wasemaji hao kazi waliyoifanya, nami sioni kwa nini tukubali.

Mazingira yetu yalilihitaji neno kama hili. Upande wa mashariki wa Unguja, Jambiani na Makunduchi kwa mfano, sehemu kubwa ya ardhi ni maweni, mazao yake ni ya taabu na bahari ndiyo tegemeo, ilhali upande wa magharibi una udongo mzito wenye migomba, mihogo na mikarafuu. Mwenye mtungo wa tasi na mwenye fungu la muhogo wana sababu ya kutafutana. Mmoja husema, "Mimi nna samaki, bibi, na wewe muhogo unao, tubadilishane basi." Nafaka ina kipimo chake, kibaba, na vibaba vinne hufanya pishi moja, lakini baina ya mtungo na fungu hapana kipimo isipokuwa macho ya wawili hao na kuridhika kwao. Mmoja atalinyanyua fungu alipime kwa mkono, mwengine atafunua shavu la samaki atazame wekundu wake, kisha ama ataongezwa muhogo mmoja au watakubaliana hivyo hivyo.

Mzizi huu una mtego mmoja ambao wanaosoma Kiarabu wanapaswa kuuangalia. Katika Sura ya pili ya Kurani, aya ya 61, Nabii Musa anawakemea watu wake waliochoka na mana na salwa wakataka mboga, matango, adesi na vitunguu, na kitenzi kilichotumika ni cha mzizi wetu huu. Katika muundo huo wa Kiarabu, herufi "bi" hukaa kwenye kitu kinachoachwa. Mwenye kufuata neno kwa neno atasema "mnabadili kilicho duni kwa kilicho bora", na Mswahili atafahamu kwamba wametoa kiduni wakapata kizuri, yaani kinyume kabisa cha makusudio. Kwetu, ukisema "nimebadili muhogo kwa samaki", muhogo ndio uliotoka mkononi mwako. Ni salama zaidi kusema "mnataka kilicho duni badala ya kilicho bora", kwa sababu "badala ya" hutangulia kile kilichoachwa, na hapo lugha mbili zinakutana tena.

Neno "kuuza" nalo linafaa kutajwa hapa. Hilo ni la Kibantu, na limezaliwa na kitenzi cha kununua ambacho sisi tumekipoteza lakini jirani zetu wanacho: kwa Wagiriama "kugula" ni kununua na "kuguza" ni kuuza, na kwa Wanyarwanda "kugura" ni kununua na "kugurisha" ni kuuza. Kwa asili, basi, muuzaji ni yule anayemfanya mwenziwe anunue. Mtu wa pili yumo ndani ya neno tangu mwanzo, hata kama leo hatumwoni.

Na si kila kupeana huitwa kubadilishana. Tukitaka kinu cha jirani tunakiazima, kwa kuwa kitarudi kile kile. Tukitaka sukari tunakopa, kwa kuwa itarudi mfano wake. Katika mwezi wa Ramadhani, kabla ya magharibi, watoto huvuka vichochoro na sahani zilizofunikwa, nyumba hii ikipeleka mbaazi za nazi na ile ikileta tambi au mihogo, na mara nyingi sahani hurudi na kitu ndani yake. Kwa nje ni kile kile cha mtungo na fungu, lakini wazee wetu hawaiti hivyo. Wao husema majirani "wanapelekeana" futari. Sahani hizo hazipimwi kwa macho wala kwa mkono, na mwenye mbaazi chache hupokea tambi nyingi bila ya yeyote kuona kuwa pana kilichopungua. Ukimwambia mama wa nyumba kwamba leo amebadilishana futari na jirani yake, atakurekebisha papo hapo.