Homoni, Jeni na Usiku Wangu wa Baada ya Kismayu

Nilirudi Nairobi kutoka vitani Kismayu, Somalia, mwaka 2013 nikiwa mzima wa viungo, na hilo ndilo lililonichelewesha kutafuta matibabu ya kiwewe cha vita (PTSD, maradhi ya akili yanayofuata tukio la kutisha), kwa kuwa sikujua ningemwonyesha daktari kidonda gani. Usiku niliamka nimelowa jasho. Mchana, kondakta akigonga bodi ya matatu kwenye Barabara ya Thika, mkono wangu ulikuwa tayari ukiitafuta bunduki ambayo sikuwa nayo. Nilikaa kiti cha karibu na mlango tu, na kikikosekana niliiacha gari iende.

Nyumbani walisema ni mambo ya ukoo. Babu yangu alipigana Burma mwaka 1944 katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza, na mama alikumbuka jinsi mzee alivyopiga mayowe usiku hadi majirani wakaja na taa. Nikaamini kwamba nimerithi, na kwamba cha kurithi hakina dawa.

Baadaye nilisoma kuwa maradhi haya yanahusiana na kotisoli, homoni inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo mwili unapokabiliwa na hatari. Nikaenda katika maabara moja ya mjini, saa nane mchana, nikalipia kipimo cha damu. Majibu yalikuwa ya kawaida. Sijawahi kuona aibu kama siku hiyo, kwani niliisoma karatasi ile kana kwamba imeandikwa kuwa ninajifanya.

Daktari wa magonjwa ya akili, ambaye mke wangu alinisukuma hadi nikamwona, aliitazama karatasi akaiweka kando. "Afande," alisema, "hii haiwezi kukuambia kama unaumwa au huumwi." Alinieleza kwamba kotisoli hupanda asubuhi muda mfupi baada ya mtu kuamka, kisha hushuka siku nzima hadi usiku wa manane, hivyo sampuli moja ya mchana haisemi mengi. Nami nilikuwa nimedhani kwamba mwenye hofu lazima awe nayo tele. Kumbe tangu miaka ya 1980 watafiti waliowapima Wamarekani waliopigana Vietnam walikuta wagonjwa wengi wakiwa na kiwango cha chini, ingawa tafiti nyingine hazikupata hivyo. Maelezo yaliyoniingia akilini ni kwamba vipokezi vya kotisoli katika ubongo, yaani sehemu za seli zinazoinasa homoni hiyo, vinaweza kuwa vyepesi kuihisi kupita kiasi, homoni kidogo ikatosha kuzima utengenezaji wake, na ile hali ya tahadhari iliyopaswa kutulizwa ikabaki imewaka.

Nikamuuliza kuhusu babu. Alinitajia utafiti wa mwaka 1993 uliohusisha jozi zaidi ya 4,000 za mapacha waliotumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam: hata baada ya kuzingatia mapigano ambayo kila mmoja aliyaona, urithi ulieleza hadi takriban theluthi moja ya tofauti za dalili kati ya mtu na mtu. Alitaja pia jeni ya FKBP5, inayohusika na namna vipokezi hivyo vinavyoipokea kotisoli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa Atlanta kwa raia wa kawaida, aina fulani za jeni hiyo hazikuongeza dalili zenyewe kwa zenyewe. Ziliongeza kwa watu waliodhulumiwa utotoni. Nilimwomba arudie sentensi hiyo, nikaiandika nyuma ya karatasi ya maabara.

Matibabu yenyewe hayakugusa jeni wala homoni moja kwa moja. Kila wiki nilisimulia tukio lile lile la vitani kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, nikajirekodi kwa simu na kujisikiliza nyumbani kila siku. Wiki tatu za kwanza zilikuwa mbaya kuliko ugonjwa, na nisingependa mtu aanze bila kuonywa hivyo. Sehemu ya pili ilikuwa kupanda matatu na kukaa nyuma kabisa, kwanza hadi Roysambu, kisha hadi Ngara, nikibaki kitini mpaka hofu ishuke yenyewe.

Ndoto bado huja, hasa mvua kubwa ikinyesha juu ya mabati. Mwanangu wa kwanza aliponiuliza kama naye atakuwa hivi, nilimtolea ile karatasi, nikaigeuza, nikamsomea.