Meseji za matangazo: sheria inauliza ruhusa, haiulizi mashine

Duka la vifaa vya ujenzi la Ngamiani, Tanga, likishusha mzigo mpya wa bati, siku hizi mwenyewe halazimiki kukodi gari la matangazo. Ananunua kifurushi cha meseji za mkupuo, anapakia faili la namba, anabonyeza mara moja, na watu mia tano kuanzia Chumbageni hadi Pongwe wanapata habari. Ni njia nzuri na ya bei nafuu. Inaharibika kwa jambo moja tu: wengi kati ya hao mia tano hawajaulizwa.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 imelisema hili waziwazi. Tangazo la biashara lisiende kwa mtu ambaye hakuridhia, lianze kwa kumtaja anayetuma na sababu ya kutuma, na limpe mpokeaji njia ya kukataa mengine. Upo mlango mmoja wa nafuu. Namba uliyoipata ukimuuzia mtu, au mkiwa katika kupatana bei, unaweza kuitumia kumtangazia bidhaa za aina ileile, mradi ulimpa nafasi ya kukataa tangu mwanzo na unaendelea kumpa katika kila meseji. Aliyenunua saruji kwako unaweza kumwambia bati zimefika. Kumtangazia viwanja vya ndugu yako hapo hapana. Namba zilizochotwa kwenye kundi la mchango wa harusi, au kwenye daftari la wageni la gesti, hazina ruhusa yoyote ndani yake, hata kama wenye namba hizo unawafahamu kwa majina.

Marekani walipita njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 1991 inampa mlalamikaji dola 500 kwa kila simu au meseji iliyovunja sheria, na mahakama inaweza kufikisha 1,500 ikiwa mtumaji alifanya kwa makusudi. Lakini sehemu kubwa ya ubishi wao imekuwa juu ya kifungu kinachohusu mtambo: je, ni mtambo unaopiga namba wenyewe au siyo? Mwaka 2021, katika kesi ya Facebook dhidi ya Duguid, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtambo unaoguswa na kifungu hicho ni ule wenye uwezo wa kutumia kizalishaji cha namba za kubahatisha au za mfululizo. Mlalamikaji alikuwa akipata tahadhari za akaunti ya Facebook ambayo hakuwa nayo, na akashindwa. Kwa maoni yangu, hapa sheria yetu imekaa vizuri zaidi. Utume kwa programu au kwa kidole kimoja kimoja, swali la kwanza ni lilelile: nani alikuruhusu?

Sasa kosa ambalo hata wafanyabiashara waangalifu hulifanya. Meseji inakuja kwa jina la duka, mwisho imeandikwa "Jibu ACHA kujiondoa." Jina la mtumaji, ambalo huishia herufi 11 na husajiliwa kupitia kampuni inayokuuzia meseji, halipokei majibu. Mteja anaandika ACHA, simu inakataa kutuma. Kwa hiyo njia ya kukataa ipo kwa maandishi tu. Weka namba ya kawaida inayopokea, na awepo mtu wa kuisoma kila siku:

"DUKA LA VIFAA BARABARA YA 12, TANGAZO: Bati geji 28 zimefika, bei imeshuka hadi Jumamosi. Hutaki matangazo? Tuma neno ACHA kwenda", kisha namba ya duka.

Hiyo haifiki herufi 160, yaani inalipiwa kama meseji moja. Angalieni alama ya ng' kwenye maneno kama ng'ombe. Ukinakili maandishi kutoka programu ya kuandikia, mkato wake huwa umepindwa, na huo haumo katika herufi za kawaida za simu. Kikomo kinashuka papo hapo kutoka 160 hadi 70, na tangazo lililokuwa meseji moja linalipiwa mbili au tatu. Futa mkato huo, uandike upya ulionyooka.

Aliyekataa usimfute tu kwenye orodha. Mwezi ujao utapakia faili la zamani, naye atarudi. Tunza orodha ya pili ya waliokataa, uitumie kuchuja orodha kuu kila mara kabla ya kutuma. Namba zote ziandikwe kwa mtindo mmoja, zianze na 255, maana kwa kompyuta 0 na 255 ni watu wawili tofauti. Katika orodha kuu andika pia tarehe ya kuridhia na mahali. Siku ukiulizwa, huo ndio ushahidi wako.

Wewe unayepokea una haki nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuruhusu kumtaka mtumaji aache kutumia taarifa zako kwa matangazo. Mwandikie, usiishie kumpigia. Piga picha ya kioo inayoonyesha jina, tarehe na saa. Kama ni matangazo ya mtandao wako wa simu, anza na huduma kwa wateja, 100, uombe kuondolewa. Wakipuuza, peleka malalamiko TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa namba iliyogawiwa bila idhini yako, peleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Zile za "ile hela tuma kwenye namba hii" ziweke kando kabisa. Huo si utangazaji, ni wizi, na ukijibu chochote unamthibitishia tapeli kwamba namba yako ina mtu. Isambaze meseji hiyo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Utaulizwa namba iliyokutumia. Iandike, tuma, halafu uizuie.